Unataka kuwa DJ wa muziki wa majaribio? Kitufe cha SYNC hakijui benga

Wasomaji wa blogu hii mnanijua kwa habari za hifadhidata na seva zinazozimika usiku wa manane. Leo nahama kidogo, ila si mbali sana. Kuna swali ambalo siku hizi naulizwa kuliko maswali ya Python na Java: nianze vipi kuwa DJ wa huu muziki wa elektroniki wa majaribio, na ninunue mashine gani?

Jibu langu halitawafurahisha wauza mashine. Usinunue mashine kwanza. Anza na masikio yako, kompyuta uliyo nayo, na nyimbo za kwenu. Sisemi hivi kwa sababu za uzalendo wala za ubahili. Nasema kama mtu anayeandika programu kwa riziki yake. Programu za ma-DJ zimejengwa juu ya dhana fulani kuhusu muziki ni nini. Dhana hizo hazikuandikwa na shetani wala mkoloni, ziliandikwa na wahandisi waliokuwa wakisikiliza muziki wao. Lakini anayeanza hapa Kenya asipozijua, programu itamchagulia nyimbo bila yeye kutambua. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Kwanza tuelewane

Watu wengi wakisikia "muziki wa majaribio" huwaza kelele za friji mbovu zinazopigiwa Wazungu wanane walioketi sakafuni. Muziki wa namna hiyo upo na mimi naupenda. Lakini historia yake ni pana zaidi, na sehemu yake kubwa imeanzia karibu na sisi kuliko tunavyoambiwa.

Mwaka 1944 mjini Cairo, Halim El-Dabh, kijana wa Misri, aliazima kutoka kituo cha redio mashine ya kurekodi kwenye waya wa chuma. Akaenda nayo kwenye sherehe ya zaar, ile ngoma ambayo watu wa pwani yetu wangeitambua upesi kama kupunga pepo. Alirekodi sauti za wanawake wakiimba, akarudi studio, akapunguza baadhi ya sauti, akacheza na mwangwi, na akatoa kitu ambacho hakikuwa tena ngoma wala hakikuwa hotuba. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, ambaye vitabu vingi humtaja kuwa baba wa mambo haya, alitoa kazi yake ya sauti za treni mwaka 1948. Hesabu mwenyewe.

Katika miaka ya 1970 kule Kingston, Jamaika, King Tubby alikuwa fundi wa vifaa vya umeme. Aligeuza miksa kuwa ala ya muziki kwa kutoa sauti ya mwimbaji, kurudisha ngoma peke yake na kuirusha kwenye mwangwi. Ukipita Luthuli Avenue ukawaona mafundi wameinamia saketi, kumbuka kwamba muziki wa dub ulitoka kwenye meza kama zile.

Karibu zaidi kuna singeli ya Dar es Salaam. Vijana walichukua vipande vya taarabu, wakaviharakisha, wakavizungusha, na mapigo yakapita 200 kwa dakika, mengine yakakaribia 300. Walifanya hivyo ili watu wacheze kwenye sherehe za mtaani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", wasikilizaji wa Ulaya waliupokea kama muziki wa majaribio. Kwa hiyo jina hili mara nyingi hutolewa na mtu aliye mbali. Aliye karibu anacheza tu.

Na Nairobi? Slikback alitoa "Lasakaneku" mwaka 2018. Mwaka 2020 kundi la Duma lilitoa albamu yenye jina lao, na mwaka huohuo KMRU akatoa "Peel", muziki wa polepole uliojengwa kwa sauti zilizorekodiwa nje. KMRU ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwanamuziki wa Kikuyu ambaye wazazi wetu walikuwa na kanda zake, na ndiye ameziweka kazi za babu yake kwenye Bandcamp ili zisipotee. Coco Em alitoa "Kilumi" mwaka 2022 akitumia jina la ngoma ya Wakamba. Kwa hiyo ukianza leo, huanzi jangwani.

Kitufe kinachodhani

Sasa twende kwenye uhandisi. Kazi ya msingi ya DJ ni kuufanya wimbo wa pili utembee sambamba na wa kwanza. Zamani ulifanya hivyo kwa sikio na kidole, ukisogeza kidhibiti cha kasi kwenye mashine ya santuri kama Technics SL-1200. Leo karibu kila programu na kila kontrola ina kitufe kilichoandikwa SYNC. Ukikibonyeza, nyimbo mbili zinaoana papo hapo.

Kinafanyaje kazi? Unapopakia wimbo, programu huuchunguza, hutafuta mahali ambapo nguvu ya sauti inapanda ghafla, hukadiria mapigo kwa dakika, kisha huchora gridi juu ya wimbo mzima. Mara nyingi gridi hiyo ni ya mistari yenye nafasi sawa kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa wimbo uliotengenezwa na kompyuta hilo ni sawa kabisa, kwa sababu kompyuta haichoki wala haisisimki.

Chukua sasa wimbo wa benga wa miaka ya 1970, tuseme wa D.O. Misiani na Shirati Jazz. Bendi inapiga pamoja. Hakuna mlio wa kuwaongoza masikioni. Gitaa linapopamba moto, mpiga ngoma naye anapanda. Hilo si kosa la bendi, ndiyo raha yenyewe ya wimbo. Tuseme wimbo unaanza na mapigo 120 kwa dakika na kufika 121. Utaniuliza, pigo moja lina ubaya gani? Fanya hesabu. Kwa mapigo 120, mapigo 32 huchukua sekunde 16. Kwa mapigo 121, huchukua sekunde 15.87. Tofauti ni takriban milisekunde 130, yaani zaidi kidogo ya robo ya pigo. Ndani ya sekunde 16 tu, nyimbo zako mbili zimeanza kukanyagana kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Na bendi hai haipandi kwa pigo moja tu.

Chakacha ina tatizo jingine. Mdundo wake una vipigo sita vidogo ambavyo unaweza kuvisikia kama viwili vikubwa au vitatu. Ukivisikia kama viwili utahesabu mapigo 100 kwa dakika, na ukivisikia kama vitatu utapata 150. Majibu yote mawili ni sahihi, na mchezaji mzuri wa chakacha huyasikia yote kwa wakati mmoja, moja kiunoni na jingine miguuni. Programu inatakiwa kuandika namba moja kwenye safu moja ya jedwali, kwa hiyo huchagua, na huchagua bila kukuambia kwamba kulikuwa na chaguo.

Halafu kuna ufunguo wa wimbo. Programu nyingi hukuonyesha wimbo uko kwenye ufunguo upi kati ya 24 na kukushauri nyimbo zinazopatana. Lakini 24 hizo zimetokana na ngazi ya sauti 12 zilizogawanywa sawasawa kama za piano. Taarabu ya Unguja na Mombasa hutumia maqam za Kiarabu zenye sauti zinazokaa katikati ya hizo 12. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huzikaza kwa sikio lake. Programu haitasema "sijui". Itaandika ufunguo wowote ulio karibu, kwa herufi nzuri na rangi ya kupendeza.

Sisi watengenezaji wa programu tunaijua hali hii. Ni ile fomu inayokataa jina lako kwa sababu mtu wa mbali aliamua kila binadamu ana jina la kwanza na jina la ukoo. Tofauti ni kwamba fomu hukukatalia waziwazi. Kitufe cha SYNC hakikatai, kinakuharibia mchanganyiko wako mbele ya watu. Ukiharibikiwa mara tatu na benga, mara ya nne hutaipakia tena. Utarudi kwenye nyimbo zinazokubaliana na gridi. Baada ya mwaka mmoja maktaba yako itakuwa na muziki wa Berlin na London peke yake, na utasema ndivyo unavyopenda. Huenda ni kweli. Lakini hukuchagua peke yako.

Wapo watakaonipinga

Najua pingamizi la kwanza, kwa sababu ni la wenzangu wa kazini. Watasema: wewe mwenyewe huandiki programu kwa lugha ya mashine, unatumia kikusanyaji. Mbona unataka vijana waoanishe mapigo kwa mkono kama babu zao?

Ni hoja nzuri, lakini haikai vizuri. Kikusanyaji kina ahadi: maana ya programu yangu itabaki ileile. SYNC haina ahadi hiyo kwa wimbo ambao gridi yake si ya kweli. Ndiyo maana mimi naitumia, tena bila aibu, ninapopiga nyimbo zilizozaliwa kwenye kompyuta, na naizima ninapopiga nyimbo zilizopigwa na watu. Sibishani na wale wanaosema kitufe ni udanganyifu. DJ hapimwi kwa jasho. Nabishana na kuanza nacho, kwa sababu anayeanza nacho hawezi kujua ni lini kinakosea.

Pingamizi la pili ni kwamba hakuna atakayecheza. Huenda. Lakini singeli ilizaliwa mahali pa kucheza, na dub vilevile. Muziki wa majaribio ukipigwa na mtu asiyewatazama walio mbele yake, hautachezwa Nairobi wala kwingineko.

La tatu ni zito zaidi: muziki huu unaliwa nje, siyo hapa. Wasanii wetu wanajulikana zaidi Berlin kuliko Buruburu. Kweli. Lakini hiyo ni sababu ya kuhitaji ma-DJ zaidi hapa, siyo wachache. Mtayarishaji hutengeneza sauti, DJ huipeleka masikioni mwa watu wa mtaa wake na kuiweka kando ya kitu wanachokijua tayari. Kampire wa Kampala, mmoja wa ma-DJ wanaojulikana zaidi katika kundi la Nyege Nyege, alitoa mwaka 2024 mkusanyiko alioupa jina la Ndola, mji wa Zambia alikokulia. Hakuona haya kuanzia na nyimbo za utotoni mwake. DJ wa namna hiyo ni mhariri, na kila gazeti linahitaji mhariri wa hapa.

Vifaa vya kuanzia

Haya, tuje kwenye vitendo.

Kompyuta. Laptopu yoyote inayocheza video bila kukwama inatosha, hata ya mtumba. Weka Mixxx. Ni programu huria ya ma-DJ iliyoanza mwaka 2001, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Mipangilio ya kontrola zake huandikwa kwa JavaScript, kwa hiyo siku ukipata kibodi ya zamani ya muziki yenye MIDI unaweza kuifanya kontrola wewe mwenyewe. Ukiingia kwenye mipangilio ya kutambua mapigo, kuna chaguo linalodhani kasi ya wimbo haibadiliki. Ondoa tiki hapo kwa nyimbo za bendi hai. Matokeo yatakuwa bora kidogo, lakini bado utahitaji sikio.

Kadi ya sauti. DJ anahitaji njia mbili za sauti: moja ya watu, nyingine ya hedifoni zake, ili ausikilize wimbo ujao kabla wao hawajausikia. Laptopu ina njia moja tu. Ongeza kadi ndogo ya USB. Peleka sauti ya watu kwenye kadi hiyo na ubaki na tundu la laptopu kwa hedifoni. Mixxx inakubali kadi mbili kwa pamoja. Kila kadi ina saa yake ya ndani na saa hizo haziendi sawa kabisa, kwa hiyo hii ni njia ya kujifunzia. Ukishapata pesa, nunua kadi moja yenye njia nne.

Bafa. Sauti inachelewa kidogo kabla ya kutoka, na kiasi cha kuchelewa unaweza kukihesabu: idadi ya sampuli kwenye bafa gawanya kwa sampuli kwa sekunde. Bafa ya 1024 kwa kasi ya 44,100 ni milisekunde 23. Bafa ya 256 ni karibu milisekunde 6. Ukipunguza sana, kompyuta dhaifu itakatakata sauti. Ukiongeza sana, utabonyeza kitufe na sauti itakuja baada yako. Anza na 1024, shuka hatua moja moja mpaka usikie mikwaruzo, kisha rudi hatua moja juu.

Hedifoni. Hapa ndipo nakuruhusu utumie pesa. Tafuta zinazofunika sikio lote. Huwezi kuoanisha mapigo usiyoyasikia.

Kontrola haimo kwenye orodha hii. Nimeona vijana wakikopa kwenye simu ili wanunue kontrola yenye taa, halafu wakahangaika na deni kuliko na muziki. Kibodi ya laptopu na kipanya vitakufikisha miezi sita. Baada ya hapo utajua ni kitufe gani unakikosa, na utanunua kwa sababu hiyo.

Maktaba ndiyo kazi

Tafuta nyimbo 40. Siyo elfu nne. Nyimbo 40 ambazo unazijua kama njia ya kwenda nyumbani gizani. Ishirini ziwe za majaribio kutoka popote, na ishirini ziwe za hapa: benga, taarabu, chakacha, kwaya, zilipendwa, chochote ulichokulia nacho.

Zinunue inapowezekana. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali kabla ya gharama za malipo, na kinachobaki kinamwendea msanii au lebo yake, na wasanii kadhaa huko wanakuachia upange bei mwenyewe. Kumbuka pia kwamba kununua wimbo si sawa na kupata ruhusa ya kuupiga hadharani. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na mwenye ukumbi anapaswa kuwa na leseni. Muulize kabla hujabeba mashine. Chukua faili za FLAC au WAV, au MP3 ya kilobiti 320. Wimbo wa kilobiti 128 uliotolewa YouTube unasikika vizuri kwenye simu, lakini kwenye spika kubwa matoazi yake yanageuka maji.

Kisha zisikilize na uandike. Kwa kila wimbo andika mambo matatu: unaanzia wapi hasa, unabadilika wapi, na una sauti gani ambayo wimbo mwingine hauna. Mixxx ina sehemu ya maelezo, na maktaba yake yote ni faili moja ya SQLite. Mtu wa kompyuta ataelewa raha iliyoko hapo. Unaweza kuifungulia nakala yake na kuuliza: nipe nyimbo zote zenye neno "filimbi" na mapigo kati ya 75 na 85. Hifadhi nakala ya faili hiyo kila wiki.

Ongeza sauti zako mwenyewe. Simu yako ni mashine bora ya kurekodi kuliko ile ya El-Dabh. Nenda Kamukunji usikilize mafundi wa jua kali wakigonga mabati. Nyundo kumi, kila moja na mwendo wake, na baada ya dakika tano unaanza kusikia zikioana na kuachana. Hakuna somo bora la mdundo Nairobi nzima. Rekodi mvua juu ya bati, mashine ya kusaga posho, makanga akipiga ubavu wa matatu. Ukirekodi mtu akizungumza, mwombe ruhusa kwanza. Kata vipande kwa Audacity, viweke kwenye maktaba kama nyimbo nyingine.

Mazoezi ya miezi mitatu

Mwezi wa kwanza, zima SYNC na ufunike namba za mapigo kwa karatasi. Ndiyo, karatasi na gundi juu ya kioo. Pakia wimbo mmoja wa kompyuta kwenye deki zote mbili, badilisha kasi ya mmoja bila kutazama, kisha urudishe kwa sikio. Wimbo wako ukikimbia utasikia ngoma yake ikitangulia, kama mtu anayedakia sentensi yako. Ukichelewa, itakuwa mwangwi. Dakika 20 kila siku zinatosha.

Mwezi wa pili, oanisha wimbo wa kompyuta na wa bendi hai. Hapa huwezi kuoanisha mara moja ukaenda kunywa chai. Itabidi uushike mkono wimbo kila sekunde chache. Utajua bendi inapandia wapi, na utaanza kungojea mahali hapo.

Mwezi wa tatu, acha kuoanisha kwa usawa, anza kuoanisha kwa uwiano. Singeli ya mapigo 240 inakaa vizuri juu ya wimbo wa 120, kwa sababu mapigo mawili ya huku ni moja la kule. Wimbo wa 180 juu ya 120 unakupa tatu juu ya mbili, na hapo chakacha uliyoona haiwezekani inaingia mlangoni yenyewe. Jaribu pia kuunyoosha wimbo kupita kiasi. Programu ikipunguza kasi bila kushusha sauti, hukata wimbo vipande vidogo na kuvirudiarudia. Ukizidisha, vipande hivyo vinasikika kama changarawe. Katika muziki wa kawaida hiyo ni kasoro, katika wetu ni malighafi.

Ukipenda kuandika msimbo, kuna Sonic Pi, Pure Data na SuperCollider, zote huria. Zinakuwezesha kutengeneza sauti badala ya kuzipanga tu. Lakini usizikimbilie. Wataalamu wa kompyuta tuna ugonjwa wa kujenga zana mpaka tunasahau nyumba.

Mbele ya watu

Rekodi kila zoezi na ulisikilize kesho yake ukiwa kwenye matatu. Kisha panga dakika 40. Waalike watu sita nyumbani, na angalau watatu kati yao wawe hawajui muziki huu. Waangalie miguu na nyuso, siyo simu zako.

Sauti isiwe kubwa kuliko inavyohitajika. Tuna kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele, na tuna majirani. Na kuna masikio yako, ambayo hayana duka la vipuri. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unapungua nusu. Kwa desibeli 100 unabaki na dakika 15. Klabu hufika hapo kwa urahisi. Vaa vizibo. Na taa nyekundu kwenye miksa ikiwaka haimaanishi umewasha moto, inamaanisha unakata vichwa vya mawimbi. Shusha.

Ukitaka wenzako, wapo. Santuri wana chuo chao cha muziki wa elektroniki hapa Nairobi kilichoanza mwaka 2021. Tamasha la Nyege Nyege lililoanzia Jinja mwaka 2015 liko safari ya basi tu kutoka hapa. Nenda usikilize zaidi kuliko unavyojitangaza.

Mwisho

Sijaandika haya ili mtu yeyote aitupe kontrola yake. Kama unayo na unaipenda, piga. Naomba jambo moja tu. Usiku wa leo tafuta wimbo mmoja ambao mama yako au babu yako alikuwa akiupiga Jumapili. Upakie kwenye Mixxx, tazama namba ya mapigo iliyoandikwa, kisha zima kioo na uhesabu mwenyewe kwa mguu kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kama namba yako na ya mashine zimefanana, vizuri, una wimbo rahisi wa kuanzia. Zikitofautiana, hapo una kazi ya mwaka mzima, na ni kazi ambayo DJ wa Berlin hawezi kukufanyia.

Wenye maoni tofauti, hasa wapenzi wa SYNC, karibuni tubishane. Ila mje na wimbo mkononi.